Vizibo vya Maftaha kwenye Ndoo ya Iddi

Kijiwe chetu kiko Kilwa Masoko, nyuma ya lile ghala la korosho ambalo siku hizi halina korosho wala mlinzi, lina popo tu. Benchi ni moja, mguu wake mmoja umekatika ukaegemezwa tofali. Anayekaa upande wa tofali ndiye anayeanguka wenzake wakinyanyuka ghafla, na kwa miaka mitatu anayekaa hapo ni mimi. Iddi anatuuzia kahawa: birika moja, vikombe sita, ndoo moja ya kusuuzia. Asubuhi hiyo alikuwapo Abilahi, tunayemwita Waziri, kwa kuwa alikuwa karani wa duka la ushirika mpaka duka likafa, yeye akabaki na kalamu mfukoni. Alikuwapo na Yohana, tunayemwita Redio kwa sababu anayo redio, na anachokisikia humo anakiongezea chumvi mwenyewe. Ndipo akatokea Maftaha, mwashi na mchoma chokaa, kabeba mfuko wa rambo na uso umemshuka.

Salamu hakutoa. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo ya Iddi, akamimina humo vitu ishirini vidogo vya saruji, kila kimoja kina kichwa cha duara na mkia, mfano wa uyoga.

— We Maftaha! Iddi akaruka. Hiyo ndoo ya vikombe!

— Jua litavipasua. Vimetoka mchangani jana. Niachie mpaka adhuhuri.

— Na mimi nisuuzie wapi?

— Humo humo. Hiyo ni saruji na chokaa, si mavi ya kuku.

Asiyejua aelezwe. Miaka hii ya ruksa kila mtu kafungua kitu chake. Sipriani, mtu wa Mtama, kafungua nyumba ya wageni, na sebuleni kaweka sanduku la kioo refu kama kitanda, kalijaza maji ya bahari na samaki wa rangi. Baadaye akataka na matumbawe hai yapandwe humo ndani kama maua. Mgeni mmoja akamwachia picha ya vizibo: kipande cha tumbawe unakigundisha kichwani, mkia unauchomeka kwenye jiwe, basi, kinaota. Vya dukani vinatoka Ulaya. Sipriani akamwita Maftaha, akamuuliza, unaweza? Maftaha alikuwa amefungiwa tanuri lake, maana kuchoma matumbawe kuwa chokaa kumepigwa marufuku, na kazi nyingine hakuwa nayo. Akasema anaweza. Akatoboa mchanga mbichi kwa bua la jani la mpapai, juu ya tundu akakandamiza kifuniko cha soda kupata kichwa, akamimina saruji iliyochanganywa na chokaa yake ya mwisho. Akaokota matumbawe yaliyovunjwa na baruti za wavuvi, akayagundisha, fungu la kwanza likaingia kwenye kioo. Siku ya pili matumbawe yote yalikuwa meupe, na samaki watatu wanaelea.

— Sipriani anataka sababu leo alasiri, Maftaha akasema. Nikikosa sababu anaagiza vya Ulaya, na mimi nakwenda Njinjo kulima ufuta wa mkwe wangu.

— Njinjo pazuri, nikamwambia. Ngedere watakuzoea.

— Msinicheke, jamani. Nimechoma chokaa miaka ishirini na miwili. Mkwe wangu ananiita fundi mbele za watu. Nikifika kule na jembe ambalo sijui hata kulishika, ataniita nani?

Tukaona mambo si ya mchezo, tukaagiza kahawa.

Waziri alitoa kalamu mfukoni, ingawa hana cha kuandikia.

— Tatizo lako ni soko huria. Tumbawe limezoea ujamaa. Kule baharini matumbawe yanaishi pamoja, yanakula pamoja. Wewe umelikata vipande, kila kipande na kizibo chake, kila kizibo na kiwanja chake. Limekata tamaa.

— Na samaki? Maftaha akauliza.

— Samaki walikuwa wateja. Duka likifungwa, mteja atakula nini? Hilo mimi nimeliona kwa macho yangu.

— Acha zako, Waziri, Redio akadakia. Ni jenereta la Sipriani. Kioo kinatetemeka mpaka saa nne usiku. Tumbawe halipati usingizi.

— Huko baharini linapigwa baruti, nikamwambia, na bado lipo.

— Baruti inapiga mara moja, bwana. Jenereta linasimanga.

Sikutaka kubaki nyuma. Nikasema kwa sauti, ili nichekwe:

— Mimi nadhani yamemtambua Maftaha. Yameangalia nje ya kioo, yakaona mkono uliowachoma babu zao, yakafa kwa hofu.

Wenzangu walicheka mpaka benchi likayumba. Maftaha hakucheka. Alitazama viganja vyake, vile vilivyobabuka kwa chokaa, akasema taratibu:

— Hilo hata mimi nimeliwaza.

Niliona aibu. Nilimlipia kikombe, na si kawaida yangu.

— Kinachonimaliza ni hiki, akaendelea. Kizibo kimoja cha fungu lile lile nilikichomeka baharini, kwenye mwamba pale karibu na gati. Tumbawe lake zima mpaka leo, limeanza na kuchipua. Chokaa ile ile, mkono huu huu. Baharini linaishi, kwenye kioo linakufa. Kwa nini?

— Maji yakiingia ndani ya nyumba yanakuwa mali ya mtu, Waziri akasema. Hayajitumi tena.

— Sikiliza, Maftaha, Redio akasogea. Ni bamvua. Bahari ikijaa, maji ya kwenye kioo nayo yanataka kujaa, si ndugu zao? Lakini yatakwenda wapi? Yamebanwa. Yanapandwa na hasira, hasira yanaimalizia kwa mnyonge aliye karibu. Mwambie Sipriani lile sanduku lifunguliwe juu mwezi ukiandama, na lisomewe dua.

— Juu liko wazi, Maftaha akasema.

— Basi lizibwe!

Na mtu mzima yule, fundi wa watu, akaanza kurudia kwa midomo kama anayekariri: bamvua, hasira, mnyonge aliye karibu. Ndipo nikajua kweli kabanwa.

Tulikuwa kwenye kikombe cha nne alipofika bibi mmoja na kapu la mkeka, anasubiri lori la kumrudisha Njinjo. Jina lake Bi Somoe.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, wanangu. Nipeni kahawa, jua hili si la kawaida.

Waziri akampisha, Iddi akamsuuzia kikombe, akammiminia. Bi Somoe akapiga funda moja, akalitema pembeni.

— Wanangu, mbona kahawa yenu ina chokaa?

Tukatazamana. Kahawa ya Iddi siku zote ni chungu kiasi kwamba hata ukiitia majivu hujui. Tukanyanyuka wote kuchungulia ndoo, na mimi nikaanguka na upande wangu wa benchi. Maji yalikuwa meupe. Bi Somoe akachovya kidole, akakisugua na gumba.

— Yanateleza kama sabuni. Vitu gani hivi?

Redio akamweleza yote, mpaka na hasira ya bamvua. Bi Somoe alimsikiliza kwa adabu, akamgeukia Maftaha.

— Vile vya kwanza, uliviloweka?

— Bibi, nivilowekee nini, na vinakwenda majini? Si kumwogesha samaki huko?

— Mwaka wa njaa sisi tunachimba ndiga, viazi vya porini. Sumu tupu. Tunaziweka mtoni, maji yanapita, yanaondoka nayo sumu. Asiye na mto anatia kwenye chungu, lakini kila asubuhi anamwaga maji, anatia mengine, mpaka kuku aonje asife. Sasa hilo sanduku lenu la kioo, mwanangu, maji yake yanakwenda wapi?

Waziri akarudisha kalamu mfukoni. Redio akajishughulisha na betri zake. Mimi nilikuwa bado chini, nikaona bora nibaki huko huko.

Maftaha akajipiga paja.

— Chokaa ya ukutani naiweka shimoni siku arobaini kabla sijaigusa! Siku arobaini! Marehemu baba alinichapa kwa hilo. Hivi nikaona ni vidogo, nikaona Sipriani ana haraka, nikajidai najua. Nimewaua mwenyewe, jamani.

Akaichukua ndoo, vizibo na maji yake, akaondoka.

— Na vikombe? Iddi akapiga kelele. Kahawa ikaishia hapo. Lori la Njinjo likaja, Bi Somoe akapanda na kapu lake, hata kumlipa Iddi hakulipa, na Iddi hakuthubutu kudai.

Baada ya swala ya alasiri Maftaha akarudi, mikono mitupu.

— Umemwambia ipi? Waziri akawahi. Ya soko huria?

— Au bamvua? akauliza Redio.

— Nimemwambia sikuloweka. Kosa langu.

— Hivyo tu? Akasemaje?

— Kageuka akakitazama kioo chake. Nikajua tayari, jembe hilo. Halafu akaniuliza zinatakiwa siku ngapi. Nikamwambia arobaini, kila asubuhi maji mapya. Akasema haya, kaloweke.

Akakaa kwenye benchi, upande wangu, ule wa tofali. Macho yalikuwa yamemlowa, na hakuyaficha.

— Na ndoo yangu? Iddi akauliza.

— Siku arobaini.

Redio akanyanyuka akaenda zake bila kuaga, tukadhani kanuna. Alirudi na beseni la mkewe, akamwekea Iddi pale ilipokuwa ndoo.