Rubani na Kasuku Wake Mirihini

Fundi cherehani niliyeketi naye basini alidai watu walifika Mirihi kabla mama yake hajanunua redio. Ushahidi ulikuwa mapajani: jarida kuukuu la hadithi.

Kinyozi wa kiti cha mbele akachungulia. "Dada, wako Mirihi na bado wanapiga simu ya waya? Nguzo alizichimbia nani?"

"Enzi hizo hata mwezini hakuna aliyekuwa amekanyaga. Wewe ungeota nini, kaka? Mkasi wenye mabawa?"

Tulicheka hadi kituo changu kikapita.

"Kinachoniumiza ni rubani," fundi akasema. "Kafungiwa nje ya chombo, halafu wanaandika 'itaendelea.' Nalitafuta toleo lililofuata tangu usichana wangu."

"Rubani mwenye kasuku? Nililisoma kwa babu," kinyozi akadakia.

Basi likasimama, kinyozi akainuka. Fundi akamng'ang'ania shati.

"Kaka, niambie tu, mlango ulifunguliwa?"