Moshi Unaopita Juu ya Nyumba

Jumanne, tarehe kumi na mbili Agosti, saa nne asubuhi, ramani ya moshi ilibandikwa ukutani nyuma ya benchi la kahawa, na tangu hapo kila mtu kijiweni akawa mtaalamu. Kompyuta ilikuwa imekadiria moshi wa kiwanda cha saruji unakwenda wapi. Palipo hatari pakapakwa nyekundu. Nyumba ya Fundi Saa, kule kilimani, iliachwa nyeupe. Fundi aliitazama sana. Mkewe alikuwa amefariki kwa kifua, kaburi halijaota nyasi, na sasa binti yake alitaka kurudi nyumbani na mtoto mchanga. Alingoja neno la baba: aje, au asije?

— Mwambie aje, alisema Kinanda, kinyozi. Moshi ukifika kilimani unaruka juu.

— Unaruka kama mbuzi? akadakia Babu Gia, dereva mstaafu. Mlima ule lori langu lilikuwa linalia. Sembuse moshi, hauna hata injini!

— Basi unazunguka.

— Hauzunguki, unainama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Moshi una nini mvunguni mwa Fundi? Wahenga walisema milima haikutani. Maana yake moshi unapita katikati!

— Kosa ni la kompyuta, Kinanda. Imezaliwa mezani, penye tambarare. Mlima itaujulia wapi?

Wakacheka. Fundi Saa akatabasamu kwa adabu, kahawa ikimpoa mkononi.

Akafika msichana mmoja mpimaji, kipima upepo begani. Akawaamkia. Ametumwa kuirudia hesabu ya ramani, alisema, kwa kuwa mwenzake aliyeilisha kompyuta vipimo alipima mchana tu, jua likiwaka.

— Wazee wangu, alfajiri, hewa ikiwa baridi, moshi huwa unalala wapi?

Kinanda akachungulia kikombe. Babu Gia akajikohoza. Hao huamka jua limeshapanda.

— Fundi, kilimani ni kwako, alisema Babu Gia. Sema.

Fundi Saa akatazama kilimani. Miaka yote alipoamka alikuta madirisha yamefutwa, na kitambaa cha kufutia kimefuliwa, kimeanikwa kambani, bado cheusi. Hakuwahi kuuliza weusi ule umetoka wapi.

— Aliyekuwa akiamka saa hizo, mwanangu, ni marehemu mke wangu, alisema taratibu. Kwangu paka nyekundu. Na binti yangu nitamwambia asije.

Fundi akaweka kikombe chini, akainua viganja.

— Ee Mwenyezi Mungu, mrehemu mja wako. Umpe makao ambako hatakuwa na cha kufuta. Amina.