Mzee Alfayo Makokha na Jembe, Mbwa wa Shimoni

"Babu, mbwa akiingia shimoni akakataa kutoka, unafanya nini?" Nilimuuliza hivyo marehemu babu yangu, Mzee Alfayo Makokha, nikiwa na miaka tisa. Babu, ambaye hakukosa jibu la kitu chochote, aliinuka akaenda kuwatazama kuku.

Mzee Alfayo alizaliwa tarehe 14 Septemba 1949 huko Bungoma, Kenya. Alisoma hukohuko hadi darasa la saba, baba yake alipofariki. Mwaka 1967 alipanda lori la mahindi hadi Jinja, ng'ambo ya mpaka, akaajiriwa katika ghala la nafaka.

Adui wa ghala alikuwa panya. Meneja, Mwingereza, alifuga mbwa wadogo weupe wa kwao, na alipoondoka mwaka 1972 alimwachia babu mtoto mmoja wa mbwa, mwenye baka la kahawia jichoni. Babu alimwita Jembe kwa sababu alichimba kila kitu, hata sakafu ya saruji aliijaribu. Mimi nilikuwa simwachi babu apumue: mbwa hao walitoka wapi? Naye alisimulia kama alivyosimuliwa, kwamba kasisi mmoja wa Uingereza, akiwa bado mwanafunzi, alimwona mbwa jike wa muuza maziwa, akamnunua palepale. "Kanisa hajapata, mbwa ameshapata!" babu alikuwa akicheka. Walizalishwa weupe ili wawindaji wasiwachanganye na mbweha, na wadogo ili waingie mashimoni. Lakini kazi yao si kuua. Akimkuta mbweha chini ya ardhi, mbwa huyo humzuia hapo na kubweka tu, mpaka watu wafuate sauti na kuchimba. Ni mkaidi, hana woga, na anaamini kabisa kwamba watu wake wanakuja.

Desemba 1976 babu alimwoa Janepher Nabifo wa Nakaloke, karibu na Mbale. Siku ya kwenda kujitambulisha, Jembe alijificha ndani ya lori akaenda naye. Babu akiwa ameketi kwa adabu, macho chini, Jembe alitoweka ardhini katika shamba la mama mkwe, akaanza kubweka. Walipochimba wakamkuta fuko aliyekuwa akimaliza mihogo. Mama mkwe, ambaye kwa mila hakupaswa kumsogelea babu, alisema kwa sauti kutoka nyuma ya nyumba: "Mbwa tumempokea! Mwenyewe bado tunamfikiria."

Aprili 1979 vita vya kumpindua rais vikakaribia Jinja. Bibi alikuwa na mimba kubwa ya baba yangu. Omollo, dereva na rafiki wa babu, alikuja na lori la kuwapeleka Mbale. Jembe alikuwa chini ya ghala, amembana panya. Babu aliita. Jembe akajibu kwa kubweka, kama walivyojibu mababu zake: nimemshika, chimbeni. Mizinga ilikuwa inasikika.

"Makokha, panda! Mbwa ama mke?"

Babu alipanda. Baba yangu, Wanzala, alizaliwa Mbale wiki hiyo hiyo.

Barabara ilipofunguka babu alirudi Jinja. Ghala lilikuwa limeporwa hata mabati. Jirani, Mama Mariat, aliyeuza samaki kutoka ufukwe wa Wanyange, alimwambia: "Bwana Makokha, mimi Mwislamu, mbwa simgusi, lakini maji nilimwekea kwa kopo. Alibweka sana. Halafu akatoka mwenyewe, akakaa pale lori lilipokuwa. Kila gari likija, anasimama." Siku moja hakuonekana tena. Haya nimeyapata kwa bibi. Babu hakuwahi kuyatamka.

Alianza maisha upya Mbale, akafanya kazi katika kinu cha unga eneo la viwanda hadi alipostaafu mwaka 2009. Hakufuga mbwa tena. Shule zikifungwa, sisi wajukuu tulipokwenda kwake tulimkuta kituo cha basi kila mara, hata mvua ikinyesha. "Babu, si ungetungoja nyumbani?" Naye: "Kwani mnashukia nyumbani?"

Novemba 2018 aliugua koo, ikagundulika ni saratani. Sauti ikapungua mpaka ikabaki mnong'ono. Alifariki hospitalini Mbale alfajiri ya tarehe 11 Juni 2019. Bibi alikuwa ameushika mkono wake.

Ameacha mjane, Janepher Nabifo; watoto wake Wanzala na Maximilla; mdogo wake Gaster, aliyefika jana kutoka Bungoma; na sisi wajukuu, ambao hatujui likizo hii nani atakuwa kituoni. Mungu ampokee, ampe amani na pumziko.

Wiki moja kabla hajatuacha, tulimwomba bibi akalale kidogo nyumbani. Akakataa kubanduka kando ya kitanda cha babu hospitalini. Babu alimtazama, kisha akaniita kwa kidole, nikainama.

"Swali lako," alinong'ona. "La mbwa."

Mimi nilikuwa nimeshalisahau.

"Ukiita mara ya kwanza asipokuja, usiite tena. Kaa mlangoni mwa shimo, ili akitoka akukute."