Besi Haishuki Jukwaani

Benchi la nje kwa kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na kila alasiri, jua likishalegea na vumbi likielea polepole barabarani, wenyewe hulikalia kana kwamba wameachiwa urithi. Upande wa tofali ni wa Besi. Alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi tangu ujana wake mpaka bendi ikafa, jina likamganda. Siku hiyo hakuwa na raha hata kidogo. Jumamosi kitindamimba wake anaolewa, na asubuhi mkewe alimwomba wafungue dansi pamoja. Besi alikataa, eti muziki wa siku hizi hauchezeki. Mama wa watu akaendelea tu kumpigia pasi shati la harusi, na jambo hilo lilikuwa linamuuma mpaka sasa.

— Hauchezeki, nawaambia! — alisema Besi, kikombe mkononi. — Wetu ulianza taratibu. Watu wamekaa, wanasikiliza maneno, mwingine machozi yanamlengalenga. Halafu gitaa likiita, huoni kiti kilichobaki na mtu. Siku hizi wimbo unaanza ukiwa umeshachemka, na watu badala ya kucheza wameinua simu juu kama wanatafuta mtandao.

— Kosa ni la viatu, — alisema Waziri, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna jambo asilolitolea tamko. — Zamani soli ilikuwa ya ngozi, inateleza yenyewe. Raba za leo zinang'ang'ania sakafu. Utacheza vipi na mguu umekatazwa?

Kinyozi alitoa kichwa dirishani, mashine inanguruma mkononi.

— Wacha wee! Kosa ni nywele. Zamani mtu ana msitu kichwani, ukiyumba nao unakuyumbisha. Leo wote vipara, vichwa vyepesi, vinarukaruka tu. Haba na haba hujaza kibaba!

— Kibaba kinaingiaje hapo?

— Kinaingia. Wewe kunywa kahawa.

Waziri alishusha sauti.

— Niwaambie ambalo redio haitangazi? Dunia yenyewe imeongeza kasi. Zamani ilizunguka polepole, wapenzi wakazunguka nayo. Sasa ukizunguka mnapishana, unapata kizunguzungu. Ndiyo maana vijana wanaruka palepale. Paka akiondoka, panya hutawala.

— Hata paka naye kacheza? — alicheka Mama Kahawa, akimiminia watu kutoka kwenye birika lake. — Mimi najua moja tu: mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Hakumtaja mtu, lakini Besi alihisi msemo umemchoma yeye. Akainamia kikombe chake.

Redio ya kinyozi ilikuwa imeingia kwenye wimbo wa zamani. Vidole vya Besi vikaanza kutembea juu ya ubao wa benchi, na ukumbi wa dansi wa enzi zile ukamrudia wote: taa nyekundu na buluu, harufu ya poda na jasho, na gauni la kijani likizama katikati ya watu, likiibuka upande wa pili. Kila likiibuka, mwenye gauni alimtazama yeye pale jukwaani, naye akamjibu kwa kutikisa kichwa. Lo, palikuwa pazuri! Angeweza kukaa humo mpaka jua lizame, wala asiulizwe na mtu.

— Shikamooni.

Alikuwa dada mmoja mwenye visikilizio shingoni.

— Namtafuta baba wa bibi arusi wa Jumamosi.

— Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi.

— Mimi ndiye nitakayepiga muziki. Nilimuuliza mama, akasema nije nikuulize wewe. Zamani, wewe na mama mlikuwa mnacheza wimbo gani?

Kinyozi akazima mashine. Besi alizijua nyimbo zote, za bendi yao na za mahasimu wao, ila wa wao wawili haukuwemo.

— Hatujawahi kucheza, — alisema.

— Hata siku moja, baba?

— Mwimbaji anaweza kwenda kunywa maji. Wa gitaa la solo anaweza kupumzika. Besi ikikatika, ukumbi mzima unasimama. Sikushuka, mwanangu. Yeye, na gauni lake la kijani, akacheza na shemeji zake, akacheza na majirani. Nikimaliza kazi, miguu inamuuma, tunarudi nyumbani. Kucheza kwenyewe sijui. Naogopa watanicheka.

— Pole, kaka, — alisema Kinyozi, kwa sauti ya msibani.

Mama Kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha Besi. Likadondosha tone, basi.

— Waziri, — Besi aliita, — vile viatu vya soli ya ngozi unavyo bado?

— Ninavyo. Lakini vinabana.

— Nitavivaa hivyohivyo.

Dada alisikiliza kidogo wimbo wa redioni, akatabasamu.

— Basi nitawawekea huu, baba. Si ndio wa enzi zenu?

Besi alisimama, tofali likayumba, benchi zima likayumba nalo.

— Huu hapana, mwanangu. Huu nitasikiliza besi yake, nimsahau mama tena. Weka wa siku hizi.