Spika Iliyoliwa na Panya

Pantoni ya Kitunda ilikuwa haijaiacha vizuri Lindi, na Somoe alikuwa ameshamchoka kijana wa benchi la mbele, aliyepakata amplifaya kuukuu kama mtoto mwenye homa. Kijana alikuwa akimweleza mzee aliyeketi naye kwamba kwa miaka miwili anajifunza solo moja tu ya gitaa, ya wazungu wa zamani wa muziki wa bluzi. Kwa muda huo Somoe alizaa na kuachisha ziwa.

“Vidole vimekubali, mzee wangu. Sauti ndiyo haiji. Inataka amplifaya ya zamani kama hii, ile inayokwaruza.”

Mzee akasonya. “Mimi nimepiga solo bendi ya dansi Nachingwea. Mkwaruzo huo ulitutia aibu! Panya walitafuna spika, tukaiziba kwa gazeti na uji wa muhogo. Tulipopata mpya tulichinja jogoo. Leo wewe unatafuta uchakavu wetu? Solo yako mwenyewe iko wapi?”

Kijana akaitazama amplifaya yake. Somoe akafurahi, maneno yamemwingia. Pantoni ikagusa Kitunda, abiria wakainuka. Kijana akatoa simu ili aandike, akauliza kwa adabu zote:

“Samahani mzee, uji ule ulikuwa wa muhogo mtamu au mchungu?”