Mkono Aliomjengea Bintiye

Ndugu waombolezaji, familia imenikabidhi kazi ambayo ningefurahi kumwachia mwingine, ya kuwasomea maisha ya kaka yangu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Milimita.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1979, mtoto wa kwanza wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi ya nyuma ya stesheni, kisha chuo cha ufundi, na mwaka 2001 akaajiriwa katika kiwanda cha sabuni, alikohudumia mashine za kupakia, zile zenye mkono wa chuma unaoteleza juu ya reli kwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, na reli ikipinda kidogo tu kila kitu hukwama. Jina la Milimita alilipata huko, akarudi nalo nyumbani, maana hakuweza kupita meza iliyokaa mshazari bila kuinyoosha, na tarehe 16 Agosti 2008, siku ya ndoa yake na shemeji yetu mshonaji, alipanga upya viti vya wageni bibi harusi akiwa amesimama mlangoni.

Walijaliwa mtoto wa kiume, na wa kike aliyezaliwa tarehe 3 Februari 2014, ambaye mikono yake haina nguvu tangu kuzaliwa. Baba yake ndiye aliyemlisha, na binti alipotimiza miaka sita akamwambia kwamba anataka kula mwenyewe kama kaka yake, basi marehemu akaanza kumjengea mkono wa kushika kijiko, kwa reli chakavu alizopewa kiwandani, wa kuendeshwa kwa vitufe vya mguuni. Aliujenga kwa miaka, kwa subira yake ile ya kukera, na siku ya kuujaribu kijiko kikaishia kidevuni, kwa sababu mtu huyu aliyepima kila kitu alisahau kwamba mtoto hukua. Tulicheka sana, yeye akatushinda kwa kucheka, akaifungua reli ya juu na chini aanze upya.

Hakuimaliza. Oktoba 2023 alianza kuumwa tumbo, madaktari wakakuta saratani ya ini, na kufikia Januari hakuweza tena kushika bisibisi, jambo lililomliza kuliko maumivu yenyewe. Alifariki tarehe 14 Machi 2024, alfajiri, mikononi mwa mkewe, nasi bado hatujui tutaishije bila yeye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli kwa upole, majirani waliopika na kulala nasi sakafuni, na mafundi wenzake, ambao jana mchana walikuja na vifaa vyao wakaifunga ile reli iliyobaki. Kijiko kilipanda hadi mdomoni, mtoto akala, na alipomeza akamwita baba aje aone, kama alivyozoea, na sisi wote mle jikoni tukakosa pa kutazama.

Kaka, pumzika kwa amani, binti yako amekula mwenyewe.