Mzee Mgandamizo na Neno Lililosubiri Kikao

Ndugu, jamaa na majirani mliojibana chini ya turubai hili, huyu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa nne wa fundi saa na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta, akasoma hapa hapa mjini, kisha akapata digrii ya fizikia enzi ambazo digrii ilikupa kiti na meza, si kama hii ya mwanawe anayewasomea.

Mwaka 1983 aliajiriwa ofisi ya hali ya hewa, dawati la bahari, kazi yake kuandika tahadhari kwa Kiswahili, na kwa kuwa mgandamizo wa hewa haukumtoka mdomoni, hata siku ya harusi yake, mwaka 1986, alipokazana kumweleza mama mkwe kwa nini masikio huziba, mtaa mzima ukambatiza Mzee Mgandamizo. Walijaliwa watoto watatu, na wa kwanza ametangulia.

Mwaka 2001 aliingizwa kwenye kamati ya istilahi, inayopitisha maneno ya kitaalamu, na amri ya ofisi ilikuwa moja tu, neno ambalo halijapitishwa haliingii kwenye tahadhari. Bamvua, yaani maji kujaa kupita kawaida mwezi uandamapo au ukiwa mpevu, likapita, mkondo wa bahari ukapita, lakini pale dhoruba inapoisukuma bahari ikapanda hadi mitaani, jambo hilo likakosa jina, profesa huyu anataka mfuro wa dhoruba, yule anataka wimbi dhoruba, marehemu akapendekeza bahari kupanda nchi kavu, akaambiwa, "Mzee, hiyo si istilahi, hayo ni maelezo," chai ikanywewa, neno likaandikwa pending, yaani lisubiri kikao kijacho.

Tarehe 14 Aprili 2009 dhoruba ilikuja kweli, marehemu akaandika kwamba bahari itapanda nchi kavu na kuingia mitaani, akakumbuka amri, akaufuta mstari ule kwa mkono wake mwenyewe, redio ikatangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, basi. Alipompigia simu binti yake wa kwanza, aliyepanga mitaa ya chini, laini zilikuwa zimeshakatika. Jirani aliyenusurika anasema binti alicheka tu, "Mawimbi ni ya wenye boti, dada, mimi na bahari wapi na wapi?" akafunga madirisha, akabaki. Maji yalimkuta jikoni.

Hakuna aliyemlaumu marehemu, na hilo ndilo lililommaliza. Alirudi kwenye kila kikao na pendekezo lile lile, akastaafu mwaka 2018, akaendelea kwenda kama mwalikwa, mpaka kiharusi kilipomwangusha mwezi Juni mwaka jana, na wodini, ulimi mzito, alikuwa akimuuliza mkewe, "Limepita?" Mama akimjibu, "Bado, baba watoto." Alifariki Jumanne alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani bila kuchoka, majirani mliotoa viti na sufuria, na wenzake wa ofisi na kamati kwa shada la maua. Tumeambiwa kikao cha leo, ambacho ajenda yake ya kwanza ilikuwa neno lile, kimeahirishwa hadi mwakani kwa heshima ya marehemu. Familia imeisikia heshima hiyo, na inaikataa. Wanakamati, kaeni leo leo, viti mnavyo, dhoruba hazijaahirishwa.

Baba, pumzika kwa amani. Hapa ni juu, bahari haifiki.